Kava la mto wa nje: chini shona neti
Mito ya viti vya barazani hapa Mbeya ikilowa masika inachukua siku nyingi kukauka, na ikishika ukungu harufu haitoki. Ukishona makava mapya, juu na ubavuni weka kitambaa kizito, lakini upande wa chini shona neti ngumu. Hata turubai hupitisha maji kwenye matundu ya sindano. Neti huyaachia yashuke, na upepo unaingia. Uzi uwe wa poliesta, wa pamba unaoza mapema sana. Kiti cha ubao mzima kinaharibu kila kitu, maji hayana pa kwenda: toboa ubao kwanza, au mvua ikikatika simamisha mto kwa ubavu. Sponji iliyoanza kumomonyoka, nunua nyingine.