Canonet, 35 RC, XA au Minolta: jinsi ya kuchagua kamera ndogo ya filamu ya kubeba kila siku

Mwongozo huu ni wa kamera ndogo za milimita 35 zenye renjifainda, zile ambazo unazungusha pete ya lenzi mpaka picha mbili ndani ya dirisha zioane. Nyingi zimetoka Japani, miaka ya 1970. Hakuna mpya, na hilo ndilo la kuweka kichwani tangu mwanzo: hununui modeli, unanunua kamera moja yenye umri wa karibu miaka 50, na hali yake ina uzito kuliko jina lililoandikwa juu yake. Olympus nzima ya f/2.8 itakupa picha nyingi kuliko Canon ya f/1.7 yenye shata inayonata (namba ya f ni ukubwa wa tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaingia mwingi).

Hatua ya 1: Amua kama unakubali kutegemea betri

Swali hili linapunguza orodha haraka.

Olympus XA (1979, kazi ya mbunifu Yoshihisa Maitani) ni gramu 225 tu na inaingia mfuko wa shati. Lenzi ni milimita 35 f/2.8. Wewe unachagua tundu la lenzi, kamera inachagua kasi, kuanzia sekunde 10 hadi 1/500. Bila betri haipigi hata picha moja. Uzuri wake ni kwamba inatumia SR44 mbili, betri za kawaida za saa.

Canon Canonet QL17 G-III (1972), Olympus 35 RC (1970) na Minolta Hi-Matic 7sII (1977) zina shata ya kimakanika. Betri ni ya mita ya mwanga peke yake. Ikifa, unatoa pete kwenye A (ambapo kamera hukuchagulia tundu yenyewe), unakadiria mwanga kwa macho na kuendelea kupiga. Kwa kamera ya kila siku mimi nasimama upande huu, kwa sababu mita ndiyo hufa kwanza kwenye kamera za umri huu.

Yashica Electro 35 ni nzuri na zimejaa sokoni, lakini ni kubwa mno kwa kazi hii, na bila betri zinabaki na kasi moja tu, 1/500. Rollei 35 ni ndogo na nzuri pia, ila haina renjifainda, umbali unaukisia.

Hatua ya 2: Pima ukubwa wa lenzi kwa mwanga wa unakoishi

Canonet ina milimita 40 f/1.7 na uzito wa gramu 620. Minolta ni 40 f/1.7 pia, gramu 460 hivi. 35 RC ni 42 f/2.8, gramu 410 hivi. Watu hukimbilia f/1.7. Fanya hesabu kwanza.

Jua kali la saa sita linahitaji f/16 kwa kasi inayokaribiana na ISO ya filamu (wepesi wake wa kupokea mwanga). Ukiweka filamu ya ISO 400, ni f/16 kwa 1/500, na hapo Canonet na Minolta zimefika mwisho wa uwezo wao. Nenda nayo ufukweni Bagamoyo au Diani, mchanga mweupe na maji yanameta: mwanga unapita kipimo, na ukiwa kwenye A, Canonet inafunga kitufe. Wengi hudhani imeharibika. Haijaharibika, inakataa kuunguza picha. 35 RC na XA zinashuka hadi f/22, kwa hiyo zina stopu moja ya akiba (stopu moja ni mwanga mara mbili, au nusu yake). Kwa mchana wa pwani weka filamu ya ISO 100 au 200, na ya 400 iache kwa ajili ya jioni na ndani ya nyumba.

Usiku mambo yanageuka. f/1.7 inakupa karibu stopu moja na nusu zaidi ya f/2.8, na Canonet inashuka hadi 1/4 wakati 35 RC inaishia 1/15. Kama picha zako ni za vibandani na barazani baada ya Isha, chukua f/1.7. Lakini jua kwamba kwa f/1.7, umbali wa mita 1, sehemu inayoonekana kali ni sentimita 6 hivi kwa jumla, na renjifainda ikiwa imehama kidogo tu, macho ya mtu yanatoka na ukungu. Kwa f/2.8 ya 35 RC unapata sentimita 9 hivi.

Chaguo langu kwa mtu anayebeba kamera kila siku ni 35 RC. Dirishani inaonyesha kasi na tundu kwa pamoja, kitu ambacho Canonet haifanyi, na inakaa kwenye mfuko wa koti bila kuvuta nguo.

Hatua ya 3: Kagua shata

Fungua mgongo wa kamera, weka kasi kwenye B (shata inabaki wazi muda wote umeshikilia kitufe), shikilia kitufe na uangalie bledi, yale mabamba membamba ya shata. Ziwe kavu. Mng'ao wa mafuta juu yake ni dalili mbaya, hasa kwa Canonet. Kisha iache kamera saa nzima na upige tena: shata inayonata hujificha ukishapiga mara kadhaa, ila picha ya kwanza baada ya kupumzika ndiyo inayosema ukweli.

Kasi za polepole zipime kwa video ya simu ya fremu 240 kwa sekunde. Hesabu fremu ambazo bledi ziko wazi: 1/4 iwe fremu 60, 1/15 iwe 16, 1/30 iwe 8. Ikizidi kwa robo hivi si tatizo. Ikizidi mara mbili, bei ishuke au uachane nayo. Muuzaji akiwa mbali, mwombe video hiyo hiyo. Na usimwage petroli ya kiberiti kwenye bledi kupitia mbele: inayeyusha mafuta, inayasambaza, na baada ya wiki chache yamerudi.

Hatua ya 4: Kagua renjifainda

Weka pete kwenye alama ya mwisho kabisa wa umbali, utazame mnara wa simu ulio kilomita moja au zaidi. Picha mbili lazima zioane. Zikipishana kulia au kushoto, umbali unasoma vibaya na fundi anaweza kurekebisha. Zikipishana juu na chini tu, inakera macho lakini umbali uko sawa. Rudia kwa mita 1 uliyoipima kwa futi kamba, kutoka usawa wa filamu, si kutoka mbele ya lenzi. Mbali ikiwa sawa na karibu ikakosea, hapo kuna kazi kubwa zaidi; usinunue.

Kiraka cha XA (ile picha ya pili inayohama katikati ya dirisha) ni hafifu tangu kiwandani, na umri umekififisha zaidi. Bandika kipande kidogo cha utepe mweusi katikati ya dirisha la mbele. Picha ya nyuma inapungua mwanga na ile ya kiraka inajitokeza. Ujanja huu unafaa kwa zote nne.

Hatua ya 5: Betri na mita (soma yote kabla ya kusema mita mbovu)

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima, na ndipo kamera nzuri huuzwa kwa bei ya mbovu au mbovu kwa bei ya nzuri.

Canonet na 35 RC zilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya PX625, volti 1.35. Minolta 7sII ilitumia PX675, volti hizo hizo. Betri za zebaki zilikuwa na sifa moja kubwa: volti haikushuka mpaka siku ya kufa. Zimepigwa marufuku nchi nyingi kwa sababu ya sumu yake, na kila kinachouzwa badala yake kina kasoro.

Ya kwanza ni LR9, wengine huiita 625A. Inaingia vizuri na ni rahisi kuipata. Ndiyo mbaya kuliko zote. Inaanza volti 1.5 na kushuka taratibu kila unapoitumia, kwa hiyo kosa la leo si kosa la mwezi ujao. Volti ikizidi, sindano ya mita inapanda kupita kiasi, kamera inadhani mwanga ni mwingi, inabana tundu, na filamu inapata mwanga pungufu. Ukisafisha filamu, negativu zinatoka nyepesi na vivuli havina kitu ndani yake, halafu lawama zinamwendea msafishaji.

Ya pili ni betri ya kifaa cha kusikia, namba 675. Ni volti 1.4, na tofauti hiyo ndogo haionekani kwenye picha. Hii ndiyo ninayoipendekeza. Minolta inaipokea moja kwa moja. Kwa Canonet na 35 RC ni nyembamba: kipenyo chake ni milimita 11.6 wakati PX625 ilikuwa 15.6. Tafuta oringi ya mpira kwa fundi bomba, ivalishe betri ili ikae katikati. Bila oringi itahama pembeni, mita inakuwa inawaka na kuzima, na utahangaika kutafuta waya uliokatika kumbe ni betri inayocheza. Mambo matatu kuhusu 675:

- Inafanya kazi kwa hewa. Ukibandua kibandiko, iache dakika chache kabla ya kuifunga. Oringi isizibe vile vitundu.
- Ikishabanduliwa inakwisha ndani ya miezi miwili mitatu hata usipopiga picha. Kuirudishia kibandiko hakuiponyi.
- Ni fupi kidogo kuliko PX625. Mita isipoamka, inua mguso wa ndani taratibu au weka kipande cha karatasi ya alumini, bila kugusa ukuta wa pembeni.

Ya tatu ni kiadapta cha MR-9 pamoja na betri ya saa ya SR43. Hii ina volti 1.55 isiyoyumba, na kiadapta kinaishusha. Hakikisha ni kile chenye daiodi ndani, maana kuna vya bei nafuu ambavyo ni pete ya chuma tu: vinajaza nafasi bila kushusha chochote. Kipime kwa multimita ukiweza. Ni ghali, ila ukinunua mara moja umemaliza.

Kuna wanaosema weka betri yoyote kisha rekebisha kwa pete ya ISO. Inasaidia nusu tu, kwa sababu kosa la volti halilingani kwenye mwanga mkali na mwanga hafifu. Unaweza kulisawazisha juani ukaharibu picha za ndani.

Sasa pima. Weka ISO 100, kasi 1/125, pete kwenye A. Tafuta ukuta wa rangi moja, uelekeze kamera na programu ya mita kwenye simu sehemu ile ile, na ulinganishe f. Fanya hivyo juani, kivulini na ndani ya chumba. Tofauti ya nusu stopu popote ni ya kawaida. Tofauti ya stopu moja iliyo sawa kote inarekebishwa kwa ISO. Tofauti inayobadilika kutoka mwanga mmoja hadi mwingine ni volti au seli ya kuhisi mwanga iliyochoka. Badilisha betri kabla ya kuilaumu seli.

Mita isiposogea kabisa, angalia kibanda cha betri. Unga wa kijani au mweupe ni betri iliyovuja: paka siki kwa pamba ya masikio, sugua, futa kwa spiriti, kausha. Mguso ukiwa safi na mita bado imelala, mara nyingi waya uliounganishwa nyuma ya mguso umeliwa. Kazi hiyo ni ya kuchomea risasi kidogo chini ya bamba la chini, fundi redio mtulivu anaiweza. Usiikatae kamera ya kimakanika kwa sababu hii pekee, omba punguzo.

Ukimaliza, rudisha kifuniko cha lenzi kila mara. Kwenye kamera hizi tatu za kimakanika seli iko ndani ya pete ya lenzi, gizani inatumia umeme kidogo mno. Kuna faida nyingine: ukisahau kifuniko ukiwa kwenye A, kamera inagoma. Nje ya A haigomi, na dirishani huoni kifuniko. Utapiga mkanda mzima wa giza.

Hatua ya 6: Sponji za mlango

Zimeoza, hilo usiulize. Zikwangue kwa kijiti cha meno na spiriti, kamera ikiwa imeinama ili uchafu usiangukie shata. Upande wa bawaba weka sponji nyeusi ya milimita 1.5 hadi 2, kwenye mifereji uzi mweusi wa sufu. Canonet ina kidirisha kidogo mgongoni cha kuonyesha filamu imeshika. Kizungushie nacho, ni mahali panaposahaulika. Michirizi ya rangi ya chungwa pembeni mwa picha maana yake mwanga bado unaingia.

Hatua ya 7: Lenzi, kisha mkanda wa kwanza

Mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma, shata ikiwa B. Vumbi halina shida. Nyuzinyuzi kama za buibui ni kuvu. Zikiwa pembeni tu bado inatumika, zikiwa katikati acha. Pwani kuvu inarudi upesi, kwa hiyo usihifadhi kamera ndani ya ala yake ya ngozi. Iweke kwenye kopo linaloziba, pamoja na vipakiti vya silika vilivyokauka.

Mkanda wa kwanza ni wa majaribio: mtu kwa mita 1 tundu likiwa wazi kabisa, mnara wa mbali tundu likiwa wazi, ukuta ule ule kwa A kisha kwa f uliyoichagua mwenyewe, na kivulini uso wa mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe. Kwa hiyo ya mwisho shusha ISO kutoka 200 hadi 100, au kwenye XA sogeza kile kilango cha chini kinachoongeza stopu 1.5, la sivyo ukuta utaidanganya mita. Andika namba za picha kwenye karatasi, na mwambie msafishaji asirekebishe mwanga wakati wa kuskani.