Namna ya kukagua karatasi ya plastiki iliyo nyuma ya paneli ya sola

Kioo cha mbele huoshwa mara kwa mara, upande wa nyuma haumshughulishi mtu. Ilhali kinachozuia umeme wa seli (vipande vya paneli vinavyozalisha umeme) usimfikie mtu wala fremu ni karatasi ya plastiki ya nyuma, ambayo unene wake ni takriban milimita 0.3 tu. Ikipasuka, paneli huweza kuendelea kutoa wati zilezile huku imeshakuwa ya hatari. Kwa hiyo usiridhike na usomaji wa inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani), inama uangalie.

Karatasi hiyo kwa kawaida ina tabaka tatu. La katikati ni poliesta (PET), nalo ndilo linalobeba sehemu kubwa ya kazi ya kuzuia umeme. La nje ni floropolima, yaani plastiki yenye florini, kama PVF au PVDF, au PET iliyotiwa dawa ya kuhimili jua. La ndani hushikana na gundi ya EVA inayofunika seli. Kila plastiki ina udhaifu wake. PET huvunjwa na joto likichanganyika na unyevu, na miale ya UV ya jua huifanya njano na kavu. Baadhi ya karatasi za PVDF hupasuka kwa mistari mirefu inayofuata mwelekeo mmoja, ule ambao plastiki ilivutwa ilipotengenezwa. Poliamidi, plastiki ya jamii ya nailoni iliyotumika katika paneli nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2010, ndiyo iliyoleta hasara kubwa: ilifaulu vipimo vya maabara, kisha ikapasuka baada ya miaka michache tu, hasa kwenye nafasi kati ya seli. Maabara huitesa paneli kwa jaribio moja moja, kwa mfano saa 1000 kwenye nyuzi 85 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 85. Juani, joto, baridi, UV na maji huishambulia kwa pamoja.

Kabla ya kuanza, zima inverta, kisha swichi ya DC (ya umeme utokao kwenye paneli). Paneli iliyo kwenye mwanga ina umeme hata mfumo ukiwa umezimwa, kwa hiyo vaa glavu za umeme na usiguse ufa wowote.

Mulika tochi kwa ubavu, si moja kwa moja. Nyufa nyembamba huonekana kwa kivuli chake. Anzia kati ya seli, nyuma ya riboni za shaba zinazounganisha seli, na kuzunguka kisanduku cha nyaya. Kisha pangusa sehemu isiyo na ufa kwa kitambaa cheusi kikavu. Unga mweupe ukibaki kwenye kitambaa, plastiki ya nje imeshaanza kulika na kuacha rangi yake, titani dioksidi, ikiwa wazi. Hilo ni onyo la mapema; paneli bado hufaa, ila ikague kila mwaka. Unjano nao ni onyo. Malengelenge ni mabaya zaidi, hasa yakifika ukingoni au kwenye kisanduku, kwani hapo maji hupata njia. Doa la kahawia au la kuungua linaonyesha seli au kiungo cha solda kinachochemka: ondoa paneli hiyo.

Dalili nyingine ni inverta inayogoma asubuhi yenye umande au baada ya mvua kwa kosa la insulesheni (yaani umeme unavuja), kisha ikawaka jua likishakausha paneli. Ndiyo maana kipimo kikavu hudanganya. Tenga paneli inayoshukiwa, ifunike mbele kwa turubai lisilopitisha mwanga, na unyunyizie nyuma maji yenye sabuni kidogo ili yapenye kwenye nyufa na yaguse fremu. Usielekeze maji kwa nguvu kwenye kisanduku. Weka mega (kipimo cha insulesheni) kwenye volti 500, waya mmoja kwenye konekta hasi, mwingine kwenye tundu la arthi la fremu. Alumini iliyopakwa haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo hakikisha umegusa metali tupu. Subiri dakika 2, soma, kisha rudia kwa konekta chanya. Gawanya 40 kwa eneo la paneli katika mita za mraba: ya mita 2 inahitaji angalau megaomu 20 za ukinzani, ya mita 1.6 inahitaji 25. Chini ya hapo, isirudi kazini.

Nyufa chache za juujuu zinaweza kufunikwa kwa silikoni ya kupaka iliyotengenezwa kwa ajili ya paneli. Safisha kwa alkoholi ya isopropili, acha ikauke kabisa, paka, kisha pima tena ikiwa imelowa. Usitumie silikoni yenye harufu ya siki, kwani hutoa asidi inayokula metali. Tepu ya kawaida hufungia unyevu ndani. Ufa uliopita hadi kwenye seli hauna dawa. Kabla ya kupaka chochote, piga picha za nyufa na namba ya paneli, maana kupaka kwaweza kufuta dhamana.

Unapofunga paneli mpya, acha nafasi ya sentimita 10 hivi chini yake hewa ipite, na funga nyaya kwenye fremu zisisugue plastiki. Paneli zikiwa juu ya mchanga mweupe au paa linalong'aa, nyuma yake hupokea UV nyingi zaidi. Hapo muulize muuzaji tabaka la nje ni plastiki gani. Asipoweza kujibu kwa maandishi, chagua paneli ya kioo pande zote mbili.