Jaribu lina saa yake: namna ya kujiandaa kabla halijafika

Mimi ni fundi cherehani, na wakati fulani nilikuwa mhazini wa kwaya. Fedha za kwaya nilizitunza nyumbani, ndani ya bahasha ya kaki, chini ya vitambaa vya wateja. Siku moja mteja akachelewa kunilipa, nami nahitaji zipu na bitana za kumalizia kazi ya mwingine. Nikachomoa kidogo. "Nitarudisha Ijumaa," nikajiambia. Ijumaa nikarudisha kweli, na ubaya ulianzia hapo, maana mara ya pili sikuogopa tena. Mara ya tatu Ijumaa ikafika sina kitu mkononi.

Muda wote huo nilikuwa naomba, tena kwa machozi. Nilichokuja kuelewa baadaye, na ndicho kilichonifanya niandike, ni kwamba nguvu ya kushinda jaribu haitafutwi jaribu likishafika. Saa ile unatumia ulichokwisha kuweka akiba.

Anza kwa kuitafuta saa yako. Chukua daftari dogo, na kwa wiki mbili, kila unapovutwa, hata kama hukuanguka, andika mambo manne: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, na mwili wako ulikuwaje (njaa, usingizi, hasira, upweke). Usijihukumu humo wala usiandike sala. Andika kama unavyoandika vipimo vya mteja: kifua, kiuno, urefu, basi.

Mimi nilidhani ninajaribiwa kwa sababu ya uhaba wa fedha. Daftari likanikatalia. Jaribu langu lilikuja kati ya saa nne na saa sita usiku, nikiwa peke yangu, na karibu kila mara ilikuwa siku ambayo mtu amenidharau: amerudisha nguo akinifokea, au amenipunguzia malipo tuliyokubaliana. Nilikuwa najilipa fidia ya uchungu kutoka kwenye bahasha ya watu wengine. Nisingelijua hilo kwa kuomba tu "Bwana, niepushe na wizi," kwa sababu wizi ulikuwa kituo cha mwisho cha safari iliyoanza mchana.

Soma 2 Samweli 11 ukiwa na jambo hili akilini. Kabla Bathsheba hajatajwa, mwandishi ameshatuambia majira (wakati wafalme watokapo kwenda vitani), mahali (Daudi amebaki Yerusalemu), na saa (jioni, ametoka kitandani, anatembea juu ya dari la jumba lake). Ukurasa wa daftari la Daudi umejaa tayari, na bado hajatazama upande wowote.

Ukishaijua saa, lisikilize jaribu linasema nini. Kila jaribu lina maneno yake, na huyarudia yale yale. Langu lilisema "nitarudisha Ijumaa." La mwingine husema "leo tu," au "nimeteseka vya kutosha," au "hakuna anayeumia," au lile la wacha Mungu, "Mungu atanisamehe." Yaandike neno kwa neno. Yakobo 1:14 inasema kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe, kwa hiyo maneno ya jirani hayatakusaidia.

Sasa tafuta andiko la kuyajibu maneno hayo hasa. Kiraka hukatwa kwa kipimo cha tundu. Yesu jangwani alijibu mara tatu, na majibu yote matatu yametoka Kumbukumbu la Torati: 8:3 kwa habari ya mkate, 6:16 kwa kujitupa kutoka hekaluni, 6:13 kwa kusujudu. Hakutumia mstari mmoja kwa yote. Na usisahau kwamba Ibilisi naye alinukuu, tena Zaburi ya 91. Kuujua mstari mmoja bila sura yake ni hatari, kwa hiyo soma sura nzima uone kinachoutangulia na kinachoufuata.

Njia hii ni ya kale. Evagrius, mtawa aliyeishi jangwani Misri na kufariki mwaka 399, aliyagawa mawazo yanayomshambulia mtu katika makundi manane, na kwa kila kundi akakusanya maandiko ya kulijibu. Walioishi naye walikuwa wameacha mali na familia, na bado mawazo yaliwafuata jangwani. Hilo hunifariji kuliko mahubiri mengi.

Mimi nilianza na "Usiibe." Haikunigusa hata kidogo, kwa sababu moyoni sikuwa naiba, nilikuwa nakopa. Iliyonikamata ni Luka 16:10, "Aliye mwaminifu katika lililo dogo sana, huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia." Nilichomoa kidogo, na mstari ulikuwa unazungumza juu ya kidogo. Niliuandika kwenye karatasi nikaubandika ukutani mbele ya cherehani, na kila nilipobadilisha bobini niliusema kwa sauti. Kwa sauti, si kwa macho. Ilichukua kama wiki tatu mpaka ukawa unakuja wenyewe bila kuitwa. Shika mmoja kwanza. Wanaoanza na mistari kumi huishia kuwa na karatasi kumi ukutani.

Halafu kuna suala la mlango. Katika 1 Wakorintho 10:13 Paulo anaahidi kwamba pamoja na jaribu Mungu atafanya na mlango wa kutokea. Miaka mingi niliungoja mlango huo kama muujiza, labda malaika aje aifunge bahasha. Mlango ulikuwa kuiondoa bahasha nyumbani kwangu. Fedha zihesabiwe na watu wawili siku ile ile, wote wawili watie sahihi, na zisilale kwa mtu mmoja. Niliposema hivyo, kuna aliyeniambia kwamba mwenye imani hahitaji mtu wa kumchunga. Nilinyamaza kwa heshima, lakini sikubaliani naye hata leo. Tunamsifu Yusufu kwa kukimbia na kuacha vazi lake, tunaruka mstari wa 10 wa Mwanzo 39: mke wa bwana wake alimsemesha siku baada ya siku, naye hakukubali hata kuwa pamoja naye. Alikuwa ameanza kukimbia kabla ya ile siku ya vazi.

Kwako mlango unaweza kuwa simu kulala chumba kingine, namba fulani kufutwa, au njia ya kurudi nyumbani kubadilishwa. Ufanye mchana, ukiwa na akili timamu. Usiku utakuta umeshajengwa.

Maombi yasubiri nini basi? Yasisubiri. Kama saa yako ni saa nne usiku, omba saa tatu. Sala yangu ni fupi: nataja jina la aliyeniumiza siku hiyo, nataja ninachotamani kufanya, naomba kupita saa mbili zinazokuja. Kule Gethsemane Yesu aliwaambia wanafunzi, "Kesheni, mwombe, msije mkaingia majaribuni," wakati hakuna aliyekuwa anawajaribu. Petro akalala. Alipofika kwenye moto wa makaa kwa kuhani mkuu, na kijakazi akamuuliza swali dogo tu, akiba hakuwa nayo.

Kufunga kuna faida yake, maana kunaufundisha mwili kusikia neno "hapana." Ila usifunge siku ambayo jaribu lako huwa kali zaidi, na kama unaumwa, una mimba au unatumia dawa, acha au muulize daktari. Usingizi nao ni silaha tunayoidharau. Elia alipotamani kufa chini ya mretemu, malaika hakumkemea. Alimwamsha akale, akamwacha alale, akamwamsha akale tena.

Jambo gumu kuliko yote kwangu lilikuwa kumpata mtu wa kuniuliza. Mchague mmoja: mwanamke kwa mwanamke, mwanamume kwa mwanamume, asiyependa umbea, na asiyeshtuka ovyo. Usimwambie "niombee tu." Mpe swali. Langu ni, "Dada, fedha zote ziko mahali pake?" Naye akaliongeza la kwake: "Na jibu hilo ulilonipa, ni kweli lote?" Mara ya kwanza nilijibu swali la kwanza haraka. La pili nilikaa kimya mpaka akavuta kiti.

Kama kinachokushika ni pombe, kamari au picha za ngono, na umejaribu kuacha mara nyingi ukashindwa, mwongeze daktari au mshauri. Hutakuwa umepunguza imani kwa kufanya hivyo.

Na ukianguka, saa ya kwanza ndiyo inayoamua. Aibu itakwambia subiri utulie, kwanza usali vizuri, kwanza urudishe kimyakimya. Usisubiri. Mwambie mtu wako kabla hujalala, kisha anza kurudisha kinachorudishika. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne ya alichochukua. Mimi hata mara moja sikuwa nayo. Nilikwenda kwa mchungaji na viongozi wa kwaya, nikasema kiasi chote bila kukipunguza, nikaachia uhazini, nikashona sare za kwaya bila malipo mpaka deni likaisha. Wapo walioacha kunisalimia. Nilizishona sare zao kwa uangalifu kuliko zote, na pindo moja nililifumua mara tatu kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka.

Mwaka uliofuata waliniomba niwe mhesabu wa pili, si mhazini. Nikakubali. Jumapili iliyopita hesabu yangu na ya mwenzangu zilipishana kwa noti moja, tukarudia tangu mwanzo, na ikaonekana mimi ndiye niliyekosea. Tukacheka, tukatia sahihi wote wawili, na fedha zikaondoka.