Mkopo wa Chuo: Anza na Cheti cha Kuzaliwa

Mzazi mwenye kipato kidogo asisubiri matokeo ya kidato cha sita ndipo aanze kuhangaikia mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Aanze na cheti cha kuzaliwa, ambacho kwa aliyezaliwa Tanzania Bara lazima kihakikiwe na RITA (wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo), akikilinganisha herufi kwa herufi na cheti cha kidato cha nne. Binti yangu aliandikwa "Rehema" huku na "Rehma" kule, nasi tukapoteza wiki tatu za thamani. Yatima aambatanishe cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa. Akishaajiriwa, mhitimu hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kulipa mkopo huo, kwa hiyo mtoto aelezwe hilo kabla hajasaini fomu.