Somo: Kuandaa unga wa mbao wa kunasa metali katika maji taka ya kiwanda

Unga unaobaki chini ya msumeno hunasa ioni za risasi, shaba na kadmiamu, kwa sababu selulosi na lignini zake zina vikundi vya haidroksili na kaboksili vinavyoshikana na metali hizo. Ukiutia mbichi, hata hivyo, tanini zake hutoka na kuyapaka maji rangi ya kahawia, ukawa umeondoa uchafu mmoja na kuleta mwingine.

Hatua ya 1: Chekecha upate chembe zisizozidi milimita 1. Unga laini mno hunasa upesi lakini huziba kichujio. Usiguse vumbi la nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa, kwani nyingi zina shaba, kromiamu na aseniki.

Hatua ya 2: Vaa glavu na miwani, kisha yeyusha gramu 4 za kostiki soda kwa kila lita ya maji, ukitia soda ndani ya maji wala si kinyume chake. Loweka unga kwa saa kadhaa huku ukikoroga. Maji yatageuka mekundu yanayokaribia weusi. Yasawazishe kwa asidi kabla ya kuyamwaga. Hapo ndipo inapoanza kazi inayochosha: suuza, tena na tena, mpaka maji yatoke maangavu na pH, yaani kipimo cha uasidi, ikaribie 7, kisha kausha kwa nyuzi 80 za Selsiasi. Majaribio mengi huharibikia kwenye suuzo hili, kwa kuwa soda iliyobaki hupandisha pH na metali hutuama zenyewe, nawe ukausifu unga bure.

Hatua ya 3: Weka pH ya maji taka kwenye 5. Chini ya 3, ioni za haidrojeni hugombea nafasi zilezile na metali. Tia gramu 1 ya unga katika mililita 100, tikisa kwa saa 2, chuja, upime. Risasi ikishuka kutoka miligramu 50 hadi 5 kwa lita, kila gramu imenasa miligramu 4.5. Andaa na chupa isiyo na unga ya kulinganishia.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mbona kromiamu yangu haikupungua?
Jibu: Bila shaka ni kromiamu-6, aina ya kromiamu ambayo majini huwa ioni hasi. Shusha pH hadi 2. Hapo hunaswa, na sehemu yake hugeuzwa na mbao yenyewe kuwa kromiamu-3.

Swali: Je, unafaa kwa rangi za nguo?
Jibu: Zenye chaji chanya, kama methilini bluu, hunaswa vizuri. Zenye chaji hasi husukumwa.

Swali: Unga ukishajaa tuuchome?
Jibu: Hapana, ndugu. Metali haziungui, hubaki katika majivu, na nyingine hupaa na moshi. Uoshe kwa asidi ya haidrokloriki ya molari 0.1, uutumie tena mara chache, na unga ukichoka uuhifadhi kama taka hatarishi, pamoja na asidi uliyooshea, kwa sababu sasa metali zote zimo humo.