Jinsi ya kumsimulia Frederick Douglass hadi vijana wacheke

Usianze na ile picha ya Douglass, yule Mmarekani mweusi aliyetoroka utumwani akawa mpiganaji mkubwa dhidi ya utumwa, amenuna, watadhani jamaa hakuwahi kucheka, kumbe miaka ya 1840 alikuwa anapanda jukwaani anaigiza wahubiri wazungu waliotetea utumwa, anakunja uso, anavuta sauti ya mimbarini, "enyi watumwa, watiini mabwana zenu", ukumbi mzima unaangua kicheko na hapohapo unafiki wao unaanikwa peupe. Hii usiisome tu, iigize kabisa, ukiisoma kama risala imekufa.

Halafu walete kwenye barua ya 1848 kwa Thomas Auld, bwana wake wa zamani, aliitoa gazetini miaka 10 kamili baada ya kutoroka. Anamchana kwelikweli, alafu kuelekea mwisho anamkaribisha nyumbani, eti hakuna paa atakalokuwa salama kuliko la kwake! Mi hapo huwa nanyamaza kwanza wacheke, ndo naendelea.

Fidla msiisahau, alikuwa anapiga, na mjukuu wake Joseph akaja kuwa mpigaji mkubwa. Ukifika Cedar Hill, kwake pale Washington, taja kile kibanda cha mawe kisicho na dirisha, ndo alikuwa anajifungia humo kusoma na kuandika.