Jinsi ya kukata utani wa "shoga" kazini na kwenye magrupu ya madevelopa

Ijumaa moja jioni, ofisi fulani hapa Kijitonyama, kijana wa fildi alikuwa anaonyesha demo, yaani jinsi programu yake inavyofanya kazi, kitufe cha kulipia kakiweka pinki, jamaa mmoja kule nyuma akarusha, "we pinki ya nini, au shoga?" Tukacheka wote na mimi nikiwemo, kijana naye akacheka, ila mimi nilikaa pembeni yake kabisa nikaona vidole vimeganda kwenye kibodi. Usiku uleule kitufe kikawa bluu. Wiki mbili mbele akawa hataki tena kusimama kwenye projekta. Sijui kama ni shoga au siyo na wala hainihusu, ninachojua sikusema kitu na inaniuma mpaka leo.

Kwanza elewa kwa nini huu siyo utani. Sisi utani tunaujua bwana, Mzaramo na Mnyamwezi wanapigana vijembe mpaka msibani na hakuna anayenuna, kwa sababu mtani anakurudishia palepale. Huyu wa demo angerudisha nini? Akikataa anaonekana anajitetea, akinyamaza mnasema kakubali. Na kwetu Tanzania neno hilo lina uzito wake, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 154 kinataja, kwa kosa la mapenzi kinyume cha maumbile, kifungo kuanzia miaka 30 hadi maisha, na mwaka 2018 mkuu wa mkoa wa Dar wa wakati ule alitangaza msako wa mashoga akaomba wananchi wampelekee majina, sasa wewe unamwita mtu hivyo mbele ya watu ishirini wenye simu mkononi.

Haya, likitokea ingia mapema na kwa maneno machache: "Oya kaka, hiyo hapana, turudi kwenye kazi." Basi. Usihutubie, ukihutubia macho yote yanamrudia aliyetaniwa. Aliyerusha mfuate baadaye inboksi, mwambie taratibu kwamba ile haikukaa poa, wengi wanaelewa wakiambiwa bila kuaibishwa.

Aliyetaniwa usimuulize "kwani kweli?" Na usimtetee kwa kusema "mwacheni, huyu ana demu wake", hapo umeshasema kwamba angekuwa kweli shoga basi ni halali yake. Ongelea kazi yake tu.

Kuna na lile la programu ikigoma, mtu anasema "kitu cha kisenge hiki". Taja tatizo lenyewe, inaita databezi mara tatu, kitufe hakibonyezeki, hata anayerekebisha atajua pa kuanzia.

Kama wewe ni adimini, weka mstari mmoja kwenye maelezo ya grupu kwamba hatuitani majina ya jinsia wala mapenzi, futa stika za utani huo, na kataza skrinishoti kutoka nje. Ila usianze kuomba watu wajitambulishe wao ni nani, unaweza kumweka mtu hatarini kwa nia njema kabisa.

Utaambiwa habari za dini na maadili. Sawa, imani yako baki nayo, hakuna anayekuomba uiache, unaombwa usimdhalilishe mwenzako. Alan Turing, ambaye hesabu zake ni msingi wa hizi kompyuta tunazolia nazo, Uingereza ilimtia hatiani mwaka 1952 kwa uhusiano na mwanaume, wakamfungia kazi za siri za serikali, akafa 1954 akiwa na miaka 41. Msamaha wa kifalme ukaja 2013. Ile miaka ambayo angeendelea kufanya kazi hakuna aliyemrudishia.

Na kama aliyerusha ni wewe, mfuate mkiwa wawili: "Samahani kwa nilichosema jana, sitarudia." Usiongeze "nilikuwa natania tu", na usisubiri akwambie usijali.

Halafu Jumatatu mpe zamu ya kwanza ya demo, rangi achague mwenyewe, na mwacheni mpaka amalize.